Kinga ya ndani ya ubongo inafanyaje kazi, na kwa nini saa ingine ndiyo inatuumiza

Virusi viwili ambavyo dunia nzima inavijua kwa kuharibu ubongo vina majina ya sehemu za Uganda. Cha kwanza ni West Nile, kilipatikana mwaka 1937 kwenye damu ya mama mmoja aliyekuwa na homa huku kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Cha pili ni Zika, kilitolewa 1947 kwa tumbili aliyekuwa amewekwa ndani ya kizimba juu kwenye msitu wa Zika pale karibu na Entebbe, watafiti walikuwa wanatafuta homa ya manjano wakakutana na kitu kingine kabisa. Ukiongeza malale, malaria inayopanda kichwani, HIV, na ile homa ya uti wa mgongo ya kuvu, utaona nchi yetu imeujua ubongo mgonjwa kwa muda mrefu sana. Lakini ukiuliza watu, hata wengine waliosoma, hivi hao wadudu wakifika kichwani wanakutana na nani, jibu linakuwa "kinga ya mwili" basi, kama vile kinga ni kitu kimoja kinachozunguka kwenye damu na kupiga kila anayeingia.

Siyo hivyo. Ubongo una kinga yake ya ndani, ni seli zinazoitwa mikroglia, na ukiielewa vizuri utaelewa kwa nini mtoto anapona malaria lakini darasani anaanza kushindwa, kwa nini mtu wa HIV anaweza kusahau vitu hata kama hana homa yoyote, na kwa nini dawa ileile ya kutuliza uvimbe inaokoa mgonjwa mmoja na kumharibu mwingine kwenye kitanda cha pili.

Tuanzie kwenye damu. Mguu ukipata kidonda, chembe nyeupe za damu zinatoka kwenye mishipa na kujaa pale, unavimba, unatoa usaha, baadaye unapona. Ubongo hauwezi kuvumilia hiyo kitu kwa sababu umekaa ndani ya fuvu, hakuna nafasi ya kuvimba. Kwa hiyo mishipa midogo ya ubongo seli zake zimebanana sana, zinaruhusu sukari na hewa na vitu vichache vilivyo na ruhusa, vingine vinabaki nje, na hata chembe nyeupe hazipiti ovyo mwilini mwa mtu mzima wa afya. Sasa ndani anabaki nani wa kulinda? Anabaki mikroglia. Kwenye kila seli 100 za ubongo kama 5 mpaka 15 ni hizo, inategemea ni sehemu gani ya ubongo.

Aliyezitenga na seli zingine vizuri ni Mhispania mmoja, Pío del Río-Hortega, mwaka 1919 pale Madrid. Alipaka vipande vya ubongo rangi ya madini ya fedha, zikatokea seli ndogo zenye matawi membamba, na akaandika mambo ambayo watu walikuja kubishania miaka na miaka: kwamba hizi seli zinatoka nje ya ubongo zikaingia mapema, na ubongo ukiumia zinabadilika umbo, zinatembea na zinakula. Alikuwa sahihi. Habari ya zinatoka wapi ilikuja kunyooka 2010, utafiti kwa panya ukaonyesha mikroglia zinatokana na seli za kwanza kabisa zinazotengenezwa kwenye kile kifuko kidogo kinachokaa pembeni ya mimba changa, kabla hata uboho wa mifupa haujaanza kazi. Kwa binadamu zinaanza kufika kwenye ubongo kama wiki ya 4 au ya 5 ya mimba, yaani mama mwenyewe mara nyingi hajajua kama ana mimba. Zikishaingia zinazaana humohumo ndani, hazisubiri msaada kutoka kwenye damu. Na zinaishi sana, kwa mtu mzima umri wake kwa wastani ni kama miaka 4 hivi, lakini kuna zingine zimepimwa zina zaidi ya miaka 20. Hiyo namba ishike, tutaihitaji kwenye HIV.

Hapo ndipo Zika inatisha. Shabaha yake kubwa kwenye mimba ni seli changa zinazotakiwa kuzaa niuroni, yaani seli za fahamu, ndiyo maana watoto wanazaliwa na vichwa vidogo, lakini imeonekana pia inaweza kuingia ndani ya mikroglia za mtoto tumboni, yaani kirusi kinamkamata mpaka mlinzi.

Kwa muda mrefu vitabu vilisema mikroglia kwenye ubongo wenye afya "zimepumzika", zinasubiri tatizo. Mwaka 2005 hiyo habari ilikufa. Watafiti walichukua panya ambao mikroglia zao zimetengenezwa zing'ae kijani, wakapunguza unene wa mfupa wa fuvu mpaka mwanga ukawa unapita, wakaangalia ndani ya ubongo wa panya aliye hai kwa hadubini ya leza. Hakuna iliyopumzika. Mwili wa seli unakaa palepale lakini yale matawi yanatoka, yanarudi, yanagusa huku na kule, hayasimami, na walipopiga hesabu waliona ndani ya masaa machache tu kila sehemu ya ubongo inakuwa imeshapitiwa. Alafu wakafanya kitu kingine, wakachoma mshipa mdogo sana kwa leza, kidonda ambacho huwezi kukiona kwa macho. Ndani ya dakika chache matawi ya seli zote za karibu yaligeuka yakaelekea pale, yakazunguka kidonda yakakifunga pande zote. Mimi nadhani hiyo ni moja ya picha nzuri kabisa ambazo sayansi ya ubongo imewahi kupata, kwa sababu kabla ya hapo tulikuwa tunasoma ubongo uliokufa na kudhani tumeona kazi yake.

Zilijuaje? Kila seli ya mwili ina kemikali inaitwa ATP, ndiyo nguvu yake ya kufanyia kazi, na inatakiwa kukaa ndani. Seli ikipasuka ATP inamwagika nje, na mikroglia zina kipokezi kwenye ngozi yake, P2Y12, kinachohisi hiyo harufu na kuvuta matawi yaende kule inakotoka. Kipokezi hichohicho kiko pia kwenye chembe za damu zinazogandisha damu, na klopidogreli, ile dawa wanayopewa watu wa kiharusi na moyo, inafanya kazi kwa kukifunga huko kwenye damu.

Sasa kabla ya kwenda kwenye vita lazima uelewe kazi yake ya amani, bila hiyo huwezi kuelewa madhara. Fikiria mtu anayetunza shamba la matoke. Kila siku yuko na panga, anakata majani makavu, anapunguza machipukizi yaliyozidi ili mgomba mama upate nguvu, anaokota taka, na nyani wakija anatumia panga lilelile kuwafukuza. Mikroglia ziko hivyo. Mtoto akikua ubongo wake unatengeneza viungo kati ya niuroni, yaani sinapsi, vingi kuliko vinavyohitajika, vile visivyotumika sana vinawekwa alama na protini zinaitwa C1q na C3, mikroglia zinaona alama na kuvila. Zinakula pia seli zilizokufa kwa kawaida, kimya kimya, bila kuleta uvimbe wowote. Niuroni nzima ina alama yake ya kusema usinile, protini ya CD47, na inayokufa inageuza mafuta fulani ya utando wake kutoka ndani yakatokea nje, hiyo ndiyo ruhusa ya kuliwa. Kwa hiyo panga liko mkononi siku zote, hata siku ambayo hakuna adui.

Adui akija zinamjuaje? Haziangalii jina lake, zinaangalia vitu ambavyo mwili wetu hautengenezi. Ukuta wa bakteria wengine una mafuta ya aina yake, kuna kipokezi kinaitwa TLR4 kinachoyashika. Virusi vingi vikizaana vinatengeneza RNA ya nyuzi mbili, kipokezi cha TLR3 kinaijua. Na ndani ya seli yenyewe kuna mashine inaitwa NLRP3 ambayo inawaka ikiona dalili za uharibifu, hata kama hakuna mdudu yeyote, ndiyo maana kichwa kikigongwa kwenye ajali ya boda au mtu akipata kiharusi mikroglia zinaamka vilevile kama kumeingia maambukizi. Kwake hatari ni hatari.

Ikishathibitisha, umbo linabadilika. Matawi yanafupika na kunenepa, mwili unakuwa mkubwa, seli zinagawanyika ziongezeke, na zinaanza kutoa vitu. Zinatoa saitokini, hizi ni protini za kupelekeana taarifa, majina utayasikia ni TNF, IL-1 na IL-6. Zinatoa gesi ya naitriki oksaidi na kemikali kali za oksijeni zinazochoma mdudu. Zinatoa kemikali za kuita msaada ili chembe nyeupe zije kutoka kwenye damu, na ukuta wa mishipa ambao tulisema umebanana sana unalegea kidogo ili wapite. Zinakula mdudu alafu zinaonyesha vipande vyake kwa seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, ili nazo zijue wa kumpiga. Na zinaamsha majirani zake, astrosaiti, ambazo kwa kawaida zinalisha na kutunza niuroni, zikiamshwa vibaya nazo zinaacha kutunza na kuna zinazoanza kuua.

Hata ule uchovu wa kuumwa unatoka humu. Ukiwa na malaria ya kawaida kabisa, haijafika kichwani, unakosa hamu ya chakula, hutaki kuongea na mtu, unataka kulala tu gizani. Saitokini za mwilini zinapeleka habari kwenye ubongo, kupitia damu na kupitia mishipa ya fahamu, na mikroglia zinaipokea na kuipitisha ndani. Ubongo unakulazimisha upumzike. Kwa hiyo mtu anayemwambia mgonjwa "jikaze, unadeka" anamwonea.

Ebu tuangalie breki, maana nguvu zote hizo bila breki ni hatari. Niuroni zenye afya zinatoa protini mbili muhimu, moja inaitwa CX3CL1 na nyingine CD200, zote zinaiambia mikroglia tulia, huku hakuna shida. Kuna pia TGF-beta na IL-10 zinazorudisha hali ya kawaida baada ya vita, na mikroglia zenyewe baadaye zinatoa vitu vya kusaidia kurekebisha. Ona lakini udhaifu wa huu mpango: anayeshika breki ni niuroni. Niuroni zikifa nyingi breki zinapungua, mikroglia zinazidi kuwaka, zinaua zingine, breki zinapungua tena. Hapo adui anaweza kuwa ameshaondoka zamani na vita bado inaendelea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwa kirusi hichohicho cha West Nile. Wengi wanaokipata hawaumwi hata kidogo, kama mtu mmoja tu kati ya 150 ndiye kinamfikia ubongo. Watafiti waliwapa panya dawa inayoondoa mikroglia alafu wakawaambukiza. Bila mikroglia panya walikufa zaidi, kirusi hakikupata wa kumzuia vizuri na seli T zilizokuja kusaidia hazikupata wa kuziamsha upya humo ndani. Hapo utasema basi, mikroglia ni nzuri, mwisho wa habari. Lakini utafiti mwingine uliotoka 2016 uliangalia panya waliopona West Nile. Walikuwa hai, kirusi kimeondolewa, lakini kukumbuka njia kumewashinda. Walipofungua ubongo wakakuta sehemu inayoshika kumbukumbu imepoteza sinapsi nyingi, niuroni zenyewe zipo, viungo ndivyo vimeliwa, na aliyekula ni mikroglia kwa kufuata zilezile alama za C1q na C3 za utotoni. Panya ambao walizaliwa bila C3 hawakupoteza hizo sinapsi.

Seli zilezile, kirusi kilekile, ubongo wa mnyama yuleyule. Wiki ya kwanza bila hizo unakufa, wiki kadhaa baadaye hizohizo zinakunyang'anya kumbukumbu. Kwa hiyo mimi siwezi kukubaliana na wale wanaouza chupa kwenye taxi park wakitangaza dawa ya "kuongeza kinga" kwa kila ugonjwa. Kuna magonjwa kinga ikizidi ndiyo inayoua, na ya ubongo ni mengi.

Tuchukue malaria. Watu wengi wanaamini malaria ikipanda kichwani maana yake vimelea vimeingia ndani ya ubongo. Havijaingia. Seli nyekundu za damu zenye falsiparamu, kimelea cha malaria kali, zinanata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, zinaziba, damu haipiti vizuri, ukuta unaanza kuvuja, ubongo unavimba. Vimelea vinabaki ndani ya mshipa lakini mikroglia za upande wa pili zinapata fujo yote, kemikali zilizovuja, damu iliyotoka, niuroni zisizo na hewa. Kwenye ubongo wa waliokufa kwa malaria zinaonekana zimejikusanya kuzunguka mahali mshipa mdogo ulipopasuka. Na wanaopona? Utafiti uliofanywa hospitali ya Mulago, Kampala, kwa watoto wetu ulionyesha karibu mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya kichwa walikuwa na upungufu kwenye akili, kama kushika mambo au kutuliza mawazo, hata miaka 2 baadaye. Nimewahi kuulizwa na mama, "Daktari, si malaria imekwisha, mbona huyu mtoto hashiki masomo kama mwanzo, walimu wanampiga wanasema ni mkaidi?" Mama, mtoto siyo mkaidi. Mwambie mwalimu alilala koma, mwambie tarehe, na hospitali iandike kwenye fomu yake.

Malale ni hadithi ingine. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili, ile ya gambiense huku West Nile inayokwenda polepole miezi mpaka miaka, na ya rhodesiense upande wa Busoga na kupanda juu, hiyo inakimbia wiki kadhaa tu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kuanzia kama 1900, ilipita kando ya ziwa Victoria ikaua watu zaidi ya laki mbili, serikali ya wakoloni ikahamisha watu kwenye pwani na visiwa. Mdudu wake anakaa kwanza kwenye damu akibadilisha koti lake la protini kila kinga inapomzoea, baadaye anavuka kwenda kichwani, hapo mikroglia na astrosaiti zinawaka bila kuzima na mpangilio wa usingizi unavurugika, mtu analala mchana na usiku anazurura. Kilichokuwa kinauma sana ni dawa. Kwa hatua ya kichwani watu walipewa melarsoproli, hiyo ina sumu ya aseniki ndani, na karibu wagonjwa 5 kati ya kila 100 walikufa kwa dawa yenyewe, wengi kwa ubongo kuvimba ghafla baada ya kudungwa. Sasa kuna feksinidazoli, vidonge vya kumeza siku 10, na kwenye kujaribu hiyo dawa kwa aina ya rhodesiense wagonjwa wetu wa hospitali ya Lwala walishiriki. Mwaka 2022 WHO ilithibitisha Uganda imeondoa malale ya gambiense kama tatizo la afya ya jamii. Hiyo ni kazi kubwa ya watu waliotembea vijijini na mitego ya mbung'o na sindano za kupima, na inasemwa kidogo mno.

HIV yenyewe inachukua njia ya ajabu, haiendi kwenye niuroni. Inaingia kwenye mikroglia kwa sababu zina milango inayoihitaji, CD4 na CCR5, na inafika kwenye ubongo mapema, ndani ya wiki za kwanza baada ya kuambukizwa. Mikroglia iliyoambukizwa haifi haraka, inakaa na kirusi ndani, inatoa protini za kirusi zenye sumu kwa niuroni na inatoa saitokini siku baada ya siku. Kwa waliokufa bila matibabu zamani wapimaji walikuta mikroglia zimeungana nyingi kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi. Mgonjwa anaanza kuwa mzito, mawazo yanakwenda polepole, mikono inakuwa haifuati haraka, anasahau siku za kliniki, nyumbani wanasema amerogwa au anakunywa pombe.

Kuna kipimo cha hiyo shida kilichotengenezwa na kujaribiwa Uganda na Marekani, kilitoka 2005, na uzuri wake hakihitaji umeme wala mgonjwa kujua kusoma. Unamtajia maneno manne: mbwa, kofia, maharage, nyekundu. Anayarudia. Unamwambia afungue na kufunga kidole gumba na cha pili kwa upana na haraka anavyoweza, unahesabu sekunde 5. Alafu mkono juu ya meza, kwanza ngumi, halafu kiganja chini, halafu ubavu wa mkono, anarudia mfuatano huo haraka sekunde 10. Mwisho unamuuliza yale maneno manne. Alama zote ni 12, akipata 10 au chini anahitaji kuangaliwa zaidi. Ukikaa na mtu mzima, fundi aliyekuwa anapima mbao kwa jicho, ukamwona anasimama kwenye ngumi na hajui mkono uende wapi, utaelewa mikroglia kuliko kitabu chochote kitakavyokueleza. Nafikiri kila kliniki ya ARV ingekuwa inafanya hicho kipimo, kinachukua dakika chache tu.

Sasa hapa ndipo swali la dawa za kutuliza linakuja, maana mtu atasema kama shida ni mikroglia kuwaka basi tuzime. Dawa ya kuzima uvimbe tunayo, deksamethasoni, deksa ya bei rahisi, na watu wanainunua kwenye duka la dawa bila kuulizwa. Kwenye homa ya uti wa mgongo ya TB inasaidia kweli, inapunguza vifo kwa wasio na HIV, na inatolewa pamoja na dawa za TB. Kwenye malaria ya kichwa ilijaribiwa miaka ya 1980 huko Thailand, wagonjwa wakakaa koma muda mrefu zaidi. Kwenye homa ya uti wa mgongo ya kuvu, kriptokoka, ile inayoingia kwa wagonjwa wa HIV wenye kinga ya chini, ilijaribiwa kwenye nchi kadhaa Uganda ikiwemo, na utafiti ukasimamishwa kabla ya kwisha kwa sababu waliopewa deksa walikuwa na madhara na ulemavu zaidi, matokeo yakatangazwa 2016. Ukizima kinga, kuvu haliondoki haraka.

Lakini na kuiwasha haraka pia ni vibaya. Kwa hiyohiyo kriptokoka, utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliotoka 2014 ulilinganisha wanaoanza ARV ndani ya wiki 1 au 2 na wanaosubiri mpaka kama wiki 5. Ungetegemea mapema ndiyo bora. Waliowahi walikufa asilimia 45 ndani ya miezi 6, waliosubiri asilimia 30. Kinga inarudi inakuta kuvu bado limejaa kichwani, inapiga kwa nguvu ndani ya fuvu lisilo na nafasi. Tangu hapo daktari anayejua kazi anakwambia subiri kidogo, na ndugu wa mgonjwa wanakasirika wanadhani amenyimwa dawa. Wala asikudanganye mtu kwamba kutoa maji ya mgongo kunaua. Kwenye huu ugonjwa presha ya kichwa inapunguzwa kwa kuyatoa, wanaokataa ndio tunaowapoteza.

Turudi kwa HIV tumalizie. Minosaiklini ni antibayotiki ya zamani, na kwenye maabara inatuliza mikroglia vizuri sana, kwa hiyo watafiti wa Kampala wakaijaribu kwa watu 73 wenye HIV ambao kumbukumbu zao zimeshuka, wiki 24, nusu wakapewa dawa, nusu kidonge kisicho na kitu. Matokeo yalitoka 2013 na hapakuwa na tofauti. Kilichokuwa kimeshaonyesha faida hapa kwetu ni ARV zenyewe, wagonjwa wa Kampala walipimwa baada ya miezi 3 na 6 ya dawa na akili zilikuwa zimepanda, kwa sababu kirusi kikipungua mikroglia zinakosa cha kupigana nacho. Tatizo lililobaki ni zile zenye miaka 20. Kirusi kinalala ndani yake, na kikilala ARV haziwezi kukitoa, na ule mpango wa kukiamsha kwanza ili kiuawe, ambao unajaribiwa kwenye seli za damu, kuufanya kichwani ni kuamsha uvimbe uleule tunaoukimbia. Hapo ndipo wanaotafuta tiba ya kumaliza HIV kabisa wamekwama.